Viangazi vya Tendaguru: Dinosaria Mbele ya Hali ya Hewa Kali



Kati ya mwaka 1909 na 1913, katika kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, wachimbaji waliosimamiwa na Boheti bin Amrani walifukua mifupa yenye uzito wa zaidi ya tani 200. Wapagazi waliibeba vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, na kutoka hapo meli zikaipeleka Berlin. Dinosaria mkubwa aliyeunganishwa huko, Giraffatitan, ana kimo cha zaidi ya mita 13. Suala la kurudishwa kwake limefika hadi bungeni, na ni suala la haki. Leo, hata hivyo, nataka tuiulize mifupa hiyo swali lake yenyewe: wanyama wale waliwezaje kuishi pale anga lilipokunja uso?

Yapata miaka milioni 150 iliyopita, Tendaguru ilikuwa pwani. Bahari iliingia na kutoka, ikiacha nyangwa na tope, na bara yake ilikuwa na misitu ya miti ya jamii ya misonobari. Mashapo yanaonyesha nchi ya joto yenye mvua za msimu na kiangazi kirefu. Mtu wa Lindi wa leo asingeshangazwa na mpangilio huo wa mwaka.

Nchi hiyo iliua pia. Karibu mifupa yote ya Dysalotosaurus, mnyama mdogo mwenye mbio aliyekula majani, ilitoka katika machimbo ya Kindope. Walilala pale kwa makundi, wengi wao wakiwa bado wadogo. Kwingineko Werner Janensch, mmoja wa viongozi wa msafara wa Wajerumani uliochimba mifupa hiyo, alikuta miguu ya majitu ikiwa imesimama wima ndani ya mwamba, kama ilivyozama topeni. Mwaka 1980 Dale Russell na wenzake walipendekeza kwamba ukame mkali ndio uliokusanya vifo vingi vya Tendaguru. Ni hoja yenye nguvu. Kiangazi kikirefuka, wanyama husongamana kwenye maji yaliyobaki, na ukingo wa maji hayo ndio wenye tope linalonasa.

Hata hivyo nina ugomvi na namna tunavyozoea kuisimulia habari hii. Machimbo yaliyojaa mizoga yanatuonyesha siku ambayo kundi lilishindwa. Viangazi ambavyo kundi hilohilo lilivivuka salama havikuacha mizoga, kwa hiyo havikuacha machimbo. Tukihesabu maafa peke yake, tutadhani dinosaria walikuwa viumbe wa kuonewa na hali ya hewa, ilhali walidumu zaidi ya miaka milioni 160. Ushahidi wa kunusurika upo, ila umehifadhiwa ndani ya meno na mifupa yenyewe.

Tuanze na joto. Mwili mkubwa hupoa polepole, kama chungu cha uji wa shughuli kinavyobaki na moto muda mrefu baada ya vikombe kupoa. Kwa mnyama wa makumi ya tani katika nchi ya joto, hiyo ni hatari kubwa. Mwaka 2011 Robert Eagle na wenzake walipima jinsi aina nzito za kaboni na oksijeni zilivyoungana katika meno ya sauropodi, yaani dinosaria wakubwa wenye shingo ndefu, yakiwemo ya Giraffatitan wa Tendaguru. Muungano huo hutegemea joto la mwili jino lilipokuwa likijengeka. Jibu kwa mnyama wetu lilikuwa kama nyuzi 38 za Selsiasi, karibu sawa na mamalia wa leo, na chini kwa nyuzi kadhaa kuliko makisio ya mwili wa ukubwa ule.

Basi joto lilikuwa na mahali pa kutokea. Pingili za shingo ya Giraffatitan zimejaa mapango yaliyokaliwa na vifuko vya hewa, mpangilio tunaouona leo kwa ndege. Hewa iliyopita kwenye njia ndefu za unyevu iliweza kuondoka na joto, na shingo yenyewe iliongeza eneo la ngozi la kulipoteza. Hapa ndipo ninapostaajabu kila nikifundisha somo hili: tunaisifu shingo ile kwa kufikia majani ya juu, tunasahau kwamba huenda ilikuwa pia njia ya kuponea jua.

Njia nyingine ilikuwa kuhama. Magharibi ya Marekani, katika miamba ya zama zilezile, Henry Fricke na wenzake walisoma oksijeni katika tabaka za meno ya Camarasaurus, sauropodi mwingine. Waligundua kwamba mnyama huyo alikunywa maji ya bondeni sehemu ya mwaka, kisha maji ya nyanda za juu, umbali wa kama kilomita 300. Alifuata mvua, kama nyumbu wa Serengeti wanavyofuata majani.

Asiyeweza kusafiri hivyo huenda alipunguza mwendo wa maisha. Mifupa ya Dysalotosaurus ikikatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini, inaonyesha vipindi vya kukua haraka vikipokezana na vya kukua polepole, bila mstari wa kusimama kabisa.

Baridi ilidai miili ya aina nyingine. Kando ya mto Colville, kaskazini mwa Alaska, dinosaria waliishi miaka kama milioni 70 iliyopita karibu zaidi na Ncha ya Kaskazini kuliko ilivyo Alaska ya leo. Giza la kipupwe lilidumu kama miezi minne, na theluji ilianguka. Wengi walidhani walikuwa wageni wa kiangazi tu. Mwaka 2021 yakatangazwa meno na mifupa midogo ya vifaranga wa jamii saba. Tunajua kutokana na meno ya viinitete kwamba mayai ya baadhi ya dinosaria yalichukua kati ya miezi mitatu na sita kuanguliwa. Kifaranga aliyetoka yaini mwishoni mwa kiangazi hakuwa na muda wa kutembea maelfu ya kilomita kuelekea kusini. Walibaki gizani, wakitegemea miili iliyozalisha joto lake yenyewe, na baadhi yao, kwa kuangalia ndugu zao wa China, yaelekea walivaa manyoya. Katika miamba hiyo ya Alaska, sauropodi hajapatikana hata mmoja. Ngozi ya magamba na shingo ndefu, zilizomfaa ndugu yake chini ya jua la Tendaguru, zingekuwa mzigo katika kipupwe kile.