Kwa Nini Nilijifunza Karate

(Maneno ya Ofisa Habari wa Halmashauri kwa wazazi na vijana, katika mkutano wa wakazi uliofanyika kwenye ukumbi wa kata.)



Mwezi uliopita vijana waliomba ukumbi huu utumike kwa mazoezi ya karate. Wazazi kadhaa wakanifuata ofisini kuuliza iwapo mchezo huo hautawafanya watoto wao kuwa wagomvi. Kwa kuwa nimefanya mazoezi hayo kwa miaka 12, nimeombwa nizungumze. Nitaeleza yaliyonipata mimi, ingawa si ya kujivunia.

Nilipokuwa nasomea stashahada ya mawasiliano ya umma jijini Dar es Salaam, mdogo wangu wa miaka 14 alikuja kunitembelea wakati wa likizo. Jioni moja tulishuka kwenye daladala, tukashika njia ya vumbi kuelekea nilikopanga. Vijana wawili walitutokea gizani, mmoja akaukamata mkoba wangu. Nilikimbia. Sikuamua kukimbia, nilijikuta tu niko kwenye kibanda cha muuza chipsi, nahema, sina mkoba wala mdogo wangu. Tuliporudi, mimi na watu wa pale kibandani, tulimkuta ameketi chini, ameushika mkono uliovunjika. Hakuwa analia. Aliniuliza: “Dada, ulikuwa umefika wapi?”

Nyumbani hakuna aliyenilaumu. Mama alisema tumshukuru Mungu kwamba tu hai. Lakini swali lile ndilo lililonipeleka kwenye karate, wala si “afya” kama nilivyoandika kwenye fomu ya kujiunga. Nilitaka siku moja nikutane tena na wale wawili.

Niliangukia karate ya aina ya Goju-ryu, iliyoasisiwa na Miyagi Chojun wa Okinawa, Japani, na ambayo Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mwenye asili ya Afrika, aliifundisha Dar es Salaam tangu miaka ya 1970. Mfululizo wa hatua na mapigo unaofanywa kwa mpangilio maalumu huitwa kata. Hadi leo nikipokea barua ya kikao cha kata hutabasamu kidogo. Kata iitwayo Sanchin ndiyo iliyonisumbua. Unasimama miguu ikiwa na upana wa mabega, vidole vimeelekea ndani kidogo, magoti yamelegezwa, kisha unapiga hatua chache fupi huku ukivuta na kutoa pumzi kwa sauti. Mwalimu hupita akikupiga mabegani na mapajani kwa viganja, aone kama unatetereka. Kwa miezi mitatu nilifanya hayo nikiamini napotezewa muda.

Ndipo nikamweleza mwalimu ukweli, nikitarajia anifundishe pigo. Alinijibu kwamba mwizi akitaka mkoba apewe mkoba, na kwamba anayeweza kukimbia akimbie, ila amshike mwenzake mkono. Nilirudi chumbani nikalia.

Ilinichukua miaka minne kumjibu mdogo wangu. Nilimwambia: “Nilikimbia, nikakuacha.” Akasema alilijua hilo tangu siku ile, alichosubiri ni mimi kulitamka.

Sijawahi kumpiga mtu nje ya mazoezi. Mwaka jana, katika mkutano kuhusu bomba lililokauka kwa wiki tatu, baba mmoja alinijia hadi mezani akipaza sauti, na haki alikuwa nayo. Miguu yangu ikataka kufanya yale yale ya zamani. Nikatoa pumzi, nikabaki mahali pangu, nikamwambia sina jibu ila nitalileta Jumatatu. Nililileta.

Wazazi, mtoto mgomvi atakuja hapa na ugomvi wake. Ni juu ya mwalimu kuutambua. Kwa hiyo mchunguzeni mwalimu kwanza. Akiwapiganisha watoto wiki ya kwanza, mwondoeni mtoto.

Jambo jingine nalisema nikiwa mtumishi wa Halmashauri, na pengine nitaulizwa. Karate si mbadala wa taa. Barabara ya kutoka stendi hadi zahanati ina nguzo ambazo taa zake haziwaki. Binti anayepita pale saa 2 usiku anatudai mwanga, na tusimjibu kwa kumwambia akajifunze kupiga teke. Taarifa imekwisha kufikishwa kwa mhandisi, nami nitaiandika katika kila toleo la jarida letu hadi taa hizo ziwake.

Mazoezi yataanza Jumamosi ijayo, saa 10 alasiri, humu ukumbini. Sare si lazima kwa kuanzia. Suruali pana na fulana vinatosha. Siku ya kwanza mzazi aje na mtoto wake na akae hadi mwisho. Mimi nitakuwepo. Mdogo wangu nilimwalika, akakataa. Anasema michezo ya kupigana haimpendezi.