Lisansi haiko kontra: maneno yetu kwa wachezaji vijana wa Goma, kwa wazazi na kwa viongozi wa matimu

Tunajua jua ni kali na wengi wenu mumetoka Ndosho, Katoyi na Mabanga kwa miguu. Hatutawachelewesha na mambo yenye munajua.

Kuko mutu alituuliza pale kwa mulango: "Ninyi tunawazoea kwa maji, kwa umeme, kwa usalama. Mupira inawaangalia nini?" Inatuangalia. Kwa muji huu, kijana akikosa kazi anajaribu moto, na kama hana franga ya kukodi moto anajaribu mupira. Sisi wengi tulimaliza université, diplome ziko nyumbani ndani ya sashe ili mvua isiziharibu, na tunajua vizuri namna mutu anakutumikisha miezi na miezi akikuambia "ngoja, mambo itakuja". Muchezaji wa miaka 19 anaambiwa maneno ile ile. Kwetu sisi hii ni kesi ya kazi.

Namna inaendaka munaijua. Kijana anacheza kwa quartier, mutu anamuona, anamupeleka kwa timu. Mwanzo wa saison wanamupa karatasi ya lisansi, anasaini pembeni ya kiwanja, pengine juu ya mugongo wa mwenzake, hakuna anayesoma. Kopi hapewi. Prime ya kusaini anaahidiwa kwa mudomo. Mechi zinaanza: prime ya ushindi leo iko, kesho haiko, na franga ya kufika kwa entraînement inatoka kwa mama yake. Akiumia goti, ni mama yule yule anatafuta pesa ya hospitali. Halafu siku moja timu ya Bukavu ao ya Kinshasa inamutaka, na pale ndipo anasikia mara ya kwanza kama yeye ni "mali ya timu". Bila barua ya kutoka, haende. Na barua ile iko na bei.

Mwenzetu mumoja alingojea barua kama hiyo saison nzima. Timu yake hatuitaji, hatukukuja hapa kuhukumu mutu mwenye hayuko. Alipodai deni ya maprime, walimujibu: "Wewe ni amateur, hauna kontra, unadai nini?" Alipoomba kutoka, kiongozi ule ule akamuambia: "Hapana, uko na kontra na sisi." Kwa hiyo kontra iko pale timu inaitaka, na inapotea pale kijana anaitaka.

Sasa tuangalie sheria inasema nini. Kwa FIFA, muchezaji wa kulipwa ni ule mwenye kontra ya kuandikwa na anayepata zaidi ya pesa anazotumia kwa kucheza. Vyote viwili kwa pamoja. Wengine wote ni ma-amateur. Basi timu ichague. Kama kijana ni wa kulipwa, aoneshwe kontra na alipwe. Kama ni amateur, wasimufunge kama mutu mwenye alisaini miaka mitano.

Na hata mwenye kontra, iko na mwisho. Kuko jina moja vijana wa mupira wanapaswa kulijua, Bosman. Tarehe 15 Desemba 1995, tribinali ya Ulaya kule Luxembourg ilisema kama muchezaji mwenye kontra yake imeisha, timu ya zamani haiwezi kudai pesa ili aende timu ya inchi ingine ya Ulaya. Uamuzi ule ulikuwa wa kwao, lakini FIFA ilibadilisha sheria zake za dunia nzima mwaka 2001. Wengi kati yetu hatukuwa bado kuzaliwa wakati Bosman anashinda, na huku kwetu bado tunauzishiwa barua.

Wazazi, hii ni yenu: mutoto wa chini ya miaka 18 hawezi kusaini kontra ya kupita miaka 3. Mukubwa, kwa kawaida mwisho ni miaka 5. Na tangu 2018 sheria ya FIFA inasema hivi: timu ikikosa kulipa mishahara miwili ya mwezi, muchezaji anaiandikia kwa barua na kuipa siku 15. Isipolipa, anaweza kuvunja kontra kwa haki. Lakini aandike! Hapa ndipo vijana wetu wanaharibu: wanakasirika, wanaacha entraînement, wanazima simu, na timu inasema wao ndio walikimbia.

Muangalie mambo ya Feisal Salum, Fei Toto, kule Tanzania. Mwisho wa 2022 alitaka kutoka Yanga. Aliweka kwa konti ya timu shilingi milioni 112 za Tanzania, akafikiri ameisha kuvunja kontra. Januari 2023 kamati ya shirikisho la kwao ikasema bado ni wa Yanga. Alikaa nje ya kiwanja miezi, mupaka Mwezi wa 6 ndipo wakasikilizana na akaenda Azam, kisha raisi wa inchi mwenyewe kuomba jambo liishe. Ule alikuwa nyota wa timu ya taifa, na avoka, na magazeti. Wewe wa Majengo nani atakuombea kwa raisi?

Kwa wale hawana karatasi yoyote, musifikiri yote imepotea. Kode ya kazi ya inchi yetu, sheria 015/2002 ya 16 Oktoba 2002, inataka kontra iandikwe, lakini inamuacha mutumishi aoneshe kazi yake kwa njia zingine kama karatasi haiko. Kwa hiyo chunga mesaji za kiongozi kwa WhatsApp. Chunga mesaji za M-Pesa na Airtel Money, hata kama ni franga kidogo. Chunga lisiti za hospitali. Usibadilishe simu bila kuhamisha vile vitu.

Viongozi wa matimu, hatuko vipofu. Tunajua timu nyingi za hapa zinaishi kwa mufuko wa président wake, na kwenda kucheza Kinshasa ni kwa ndege, barabara hakuna. Lakini karatasi inawasaidia ninyi pia. Muchezaji akiuzishwa kutoka inchi moja kwenda ingine, 5% ya pesa inagawanyiwa matimu yenye yalimulea tangu miaka 12 mupaka 23. Hesabu iko rahisi: akiuzishwa dola 1 000 000, timu yenye ilikaa naye tangu miaka 12 mupaka 17 inapaswa kupata 2%, ni kusema dola 20 000. Itapata kama iko na lisansi zake zote, jina la kweli na tarehe ya kweli. Timu ngapi hapa ziko na daftari ya watoto wao wa miaka 13?

Na jina la kweli tunalitaja kwa sababu. Muko munamukumbuka Silas, mutoto wa Kinshasa mwenye alicheza Stuttgart kwa jina la Wamangituka. Mwezi wa 6 mwaka 2021 alisema mbele ya watu wote kama jina lake ni Silas Katompa Mvumpa, na kama ajenti wake wa zamani ndiye alimubadilishia jina na mwaka wa kuzaliwa, akashika karatasi zake na konti yake ya banki. Shirikisho la Ujerumani lilimusimamisha miezi 3 na kumulipisha euro 30 000. Muchezaji ndiye alilipa. Mutu akikuja kwa nyumba kusema "tupunguze miaka miwili, ni kidogo tu", mumuoneshe mulango.

Wiki hii matimu yanasainisha. Tunaomba vitu vyepesi: kila anayesaini apewe kopi siku ile ile, mutoto asaini mbele ya muzazi, na prime ya kuahidiwa iandikwe kwa namba. Timu yenye iko tayari kufanya hivyo, tutaisema wazi na kuishukuru.

Siku ya posho, saa tatu ya asubui, tutakuwa hapa hapa na ndugu wenye walisoma droit. Leteni karatasi yoyote yenye muko nayo, hata yenye imechanika, na simu zenu zikiwa na umeme. Hatulipishe mutu. Kwa wenye wameitwa kusaini kesho, ombeni siku mbili, na mutuletee karatasi leo kisha hapa.

Maswali sasa. Mama wa kitambaa cha kijani ndiye alinyoosha mukono wa kwanza.