Mtoeni Mtoto Jikoni

Msikilizaji, msimu wa baridi ndio huu. Kuanzia Juni mpaka Agosti ukungu unatanda kwetu Mlola, milima ya Usambara, tangu alfajiri, na siku nyingine saa nne inafika jua halijachomoza machoni petu. Basi katika nyumba nyingi huku milimani mambo huwa yale yale. Watoto wadogo wanakusanywa jikoni, wanakalishwa karibu na mafiga, kuni za miwati zinachochewa, na mlango unarudishwa ili baridi isiingie. Mama anasema anamkinga mwanawe na kichomi. Nia yake ni njema kabisa, lakini jiko lile ndilo linalotuumizia watoto.

Kichomi, ile nimonia ya hospitali, kinaletwa na vijidudu. Moshi ndio unaovirahisishia kazi. Vumbi lake jembamba linapenya mpaka ndani kabisa ya mapafu, na mapafu ya mtoto yakishachokozwa hivyo kila siku, yanashindwa kujitetea. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa chini ya miaka 5 anayevuta moshi wa jikoni yuko kwenye hatari ya nimonia karibu maradufu ya mwenzake asiyeuvuta. Mtazame mtoto aliyeshinda jikoni tangu asubuhi. Macho mekundu, kamasi haikauki, usiku anakohoa mpaka anatapika. Sisi tunasema ni baridi hiyo, tunaongeza kuni.

Mvalishe sweta, kofia, soksi na viatu, umtoe nje. Mtoto mchanga subiri kwanza jua lipande. Lakini huyu wa miaka miwili, mitatu, minne, hewa ya Usambara haimdhuru akiwa amevaa vizuri. Wajerumani walipanda huku kutoka pwani yenye joto, wakaijenga Lushoto na kuiita Wilhelmstal, kwa kuifuata hewa hii hii. Na leo wageni wanatoka Ulaya, wanalipa mtu wa kuwaongoza, wanatembea kwa miguu kutoka Lushoto mpaka Mtae, wanafurahi. Wenye milima watoto wao wako kwenye moshi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka 5. Kuanzia mwaka mmoja, mtoto anahitaji walau dakika 180 za kuuchezesha mwili kila siku. Na mwongozo ule unagusa jambo tunalolijua sana: mtoto asifungwe mahali pamoja, hata mgongoni, zaidi ya saa 1 mfululizo. Simwambii mama yeyote aache kubeba. Miteremko yetu mnaijua, na shamba liko bondeni. Ninachoomba ni kwamba njia ikiwa tambarare, fungua kanga, mshushe, atembee mwenyewe. Ndiyo, atakuchelewesha. Atasimama kwenye kila jiwe.

Juzi nimemwona binti wa jirani, hajatimiza miaka mitatu, amechuchumaa kwenye ua wa shamba la maharage. Mbele yake kuna kinyonga dume, yule wa pembe mbili puani. Kinyonga ananyanyua mguu, anaupeleka mbele, anaurudisha nyuma kidogo, ndipo anaukanyaga. Jicho moja linamtazama mtoto, la pili linatazama angani. Mtoto hapepesi macho. Akaanza kuunyanyua mguu wake vile vile, taratibu, mbele na nyuma. Mara sauti ikatoka nyumbani: toka hapo, atakuuma! Akakimbia analia.

Jamani, kinyonga hana sumu. Anapanua mdomo kutisha tu kwa kuwa yeye ndiye mwenye hofu. Yule wa pembe mbili ni wa milima hii yetu, na wako watu wanaosafiri kutoka nchi za mbali waje wammulike kwa tochi usiku. Mtoto wa Mlola anafundishwa kumkimbia kabla hajamfahamu. Naumia kuliona hilo.

Hatari za kweli zipo, na hizo ndizo za kumfundisha. Bodaboda wanaokata kona kwa kasi kwenye barabara nyembamba. Kingo za miteremko baada ya mvua. Shamba la kabichi au nyanya lililopigwa dawa, na yale makopo ya dawa yaliyotupwa kando ya mto, ambayo mtoto huyaona ni vikombe. Miguu mitupu, funza wataingia. Kwa hiyo mtoto huyu hatoki peke yake. Anatoka na mtu mzima.

Na mtu mzima huyo ni nani? Mama ameamka kabla ya jogoo, amechota maji, amekwenda kuni, amelima, amepika. Ukimwambia sasa mpeleke mtoto matembezi, unamwonea. Nawasemesha akina baba. Ijumaa baada ya swala, Jumapili baada ya ibada, jioni ya kawaida mkiwa kwenye bao: mshikeni mtoto mkono, mpande naye mpaka kilimani, mwoneshe mto unakotokea, mwoneshe mbega juu ya mti mkibahatika. Mama apate nafasi ya kupika uji mlango ukiwa wazi na mtoto akiwa mbali na moshi. Mwenye uwezo aongeze dirisha jikoni au ajenge jiko la bomba la kutolea moshi.

Na mtoto ambaye tayari anakohoa, mtazame kifua. Akiwa anapumua haraka haraka, au mbavu zinabonyea ndani anapovuta pumzi, usimrudishe motoni apate joto, wala usisubiri kesho. Mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.