Sensa za Nyuma Zinaponyamaza: Namna ya Kutafuta Hitilafu

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa kwa madereva na mafundi wa magari ya kaunti.



Magari mengi nchini huingia yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Baadhi huja na sensa kwenye bampa; mengine hufungwa sensa hapa nchini. Dereva huzoea mlio wake upesi. Hatari huanza siku sensa zinaponyamaza, naye akaendelea kurudi nyuma akidhani kimya ni dalili ya usalama. Katika uwanja wa zahanati au pembeni mwa soko, anayepita nyuma ya gari huenda akawa mtoto.

Sensa hizi hutoa sauti ambayo sikio la binadamu haliisikii, kisha husubiri mwangwi. Kitu kikiwa mita 1 kutoka bampa, mwangwi hurudi baada ya takriban milisekunde 6. Kifaa hupiga hesabu ya umbali, na mlio huongezeka kasi kadiri gari linavyokaribia.

Kabla ya kununua kipuri, fundi aanze na maji safi na kitambaa laini. Tope, vumbi lililoganda na rangi nzito iliyopakwa baada ya ajali huziba sensa. Asielekeze bomba la maji ya nguvu karibu nazo.

Hatua ya pili ni kutenganisha aina ya tatizo. Ikiwa mfumo wote uko kimya, aangalie kama umezimwa kwa swichi, kisha fyuzi. Katika magari yaliyofungwa sensa hapa nchini, umeme wake mara nyingi huchukuliwa kwenye taa ya kurudi nyuma. Taa hiyo isipowaka gia inapoingizwa, kosa huenda liko kwenye balbu, waya au swichi ya gia, wala si kwenye sensa.

Mlio mrefu unaotoka mara tu gia inapoingizwa, katika magari mengi, humaanisha mfumo umejipima na kugundua hitilafu. Hapo kitabu cha gari na mashine ya kusoma hitilafu husaidia.

Ikiwa sensa zinalia ilhali nyuma hakuna kitu, atazame ndoano ya kuvutia trela, namba ya gari iliyopinda, au sensa iliyosukumwa ndani na kuelekea chini. Mvua kubwa na breki za upepo za lori lililo karibu pia huweza kuzichanganya.

Kupata sensa moja iliyokufa, gari lisimamishwe mahali tambarare, magurudumu yawekewe vizuizi, breki ya mkono ivutwe. Injini izimwe, ufunguo uwashwe, gia ya nyuma iingizwe. Sensa nzima hutoa mgongo mdogo wa tik-tik ukiisogezea sikio, au mtetemo mwepesi kwenye ncha ya kidole. Isiyotoa lolote inashukiwa.

Bado isitupwe. Fundi aibadilishane na jirani yake ya aina ileile. Kosa likihama pamoja nayo, sensa imekufa. Likibaki palepale, atafute waya uliokatika au kiunganishi kilichoingia maji na kushika kutu. Jaribio hili halina gharama, na huokoa fedha za kipuri kisichohitajika.

Dereva akigundua hitilafu, aiandike kwenye kumbukumbu za gari na kumjulisha msimamizi siku hiyohiyo. Asikate waya wa mlio kwa sababu unamsumbua.

Hata sensa nzima ina mipaka. Nguzo nyembamba, kitu kilicho chini sana na nguo laini huweza kuipita. Kwa hiyo dereva atazame vioo, ageuze shingo, na penye watu wengi msaidizi ashuke amwelekeze. Sensa humsaidia dereva. Haichukui nafasi yake.