Mtoto anayeshindana katika mchezo: nguvu yake inatoka nyumbani

Wenye watoto mgongoni wawashushe, tusikilizane kidogo.

Siku moja ya kupima watoto mama mmoja alituuliza hivi: «Mwana wangu iko na miaka 11. Alianza kuokota mipira kwenye uwanja wa tenisi, sasa naye anacheza. Baba yake anataka acheze kila siku, asubuhi na mangaribi, ili ashinde wengine. Lakini usiku analia mukono. Nifanye namna gani?»

Ulizo hili ni zuri. Linafaa pia kwa mama mwenye mtoto wa mpira wa miguu au wa mbio.

Kwanza, kucheza ni kuzuri. Mtoto wa miaka 5 mpaka 17 anahitaji kutumikisha mwili wake dakika 60 kila siku. Moyo na mapafu vinapata nguvu, mifupa inakomaa. Na binti vilevile, msimkataze.

Sasa, tenisi inaomba nini? Si kukimbia mbali. Mtoto anakimbia hatua chache mbio sana, anasimama, anageuka, anapiga, anapumzika kidogo, halafu anaanza tena. Hivyo mara nyingi, saa moja ao zaidi, juani. Kwa hiyo anahitaji miguu miepesi, pumzi, na mgongo na tumbo vyenye nguvu. Nguvu hiyo haiji kwa kupiga mpira tu na mkono mmoja. Kuruka kamba, kupanda mlima, kuogelea mahali salama, kucheza mpira na wenzake: vyote vinamjenga.

Mfupa wa mtoto si kama wa mtu mkubwa. Karibu na ncha zake kuna sehemu laini, ndipo unapokua. Sehemu hiyo ikivutwa kila siku bila kupumzika, inaumia: bega, kiko cha mkono, goti, kisigino. Basi mtoto akisema «Mama, inaniuma», si uvivu. Mpumzisheni. Maumivu yakiendelea, ao akichechemea, ao akiumwa usiku, mleteni hospitali. Msimpe dawa ya maumivu ili arudi kucheza.

Huko Marekani binti mmoja, Tracy Austin, alishinda mashindano makubwa ya tenisi ya inchi yake katika mwaka 1979, akiwa na miaka 16 tu. Watu wote walishangaa. Lakini mgongo ulianza kumsumbua, na alipofika miaka 21 maumivu yalikuwa yamekwisha kumkatia njia. Wakubwa wa tenisi wa dunia nao waliona watoto wanahitaji kulindwa. Tangu mwaka 2012, watoto wa miaka 10 na chini hawashindani na mpira wa wakubwa. Wanapewa mpira unaokwenda polepole.

Mwambieni baba kwa upole: saa za mazoezi na mashindano za juma moja zisipite hesabu ya miaka ya mtoto. Wa miaka 11, saa 11, basi. Na kila juma awe na siku moja ao mbili za kupumzika kabisa.

Kazi yetu wamama ni hii:

Chakula. Asiende uwanjani na njaa. Bukari peke yake haitoshi. Tieni maharagi, ndagala, karanga, sombe ao lengalenga, na matunda.

Maji. Anywe maji safi mbele ya kucheza, katikati na nyuma, hata kama hajasikia kiu.

Usingizi. Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 alale saa 9 ao zaidi, ndani ya chandarua.

Ugonjwa. Mwenye homa asicheze. Apimwe malaria. Angalieni viganja na ndani ya macho: vikiwa vyeupe, damu ni kidogo. Malaria na minyoo vinaimaliza, na mtoto hana pumzi hata akifanya mazoezi namna gani. Wenye damu ya SS wasisukumwe kukimbia mpaka kuchoka sana. Muulizeni munganga kwanza.

Yule mama alirudi na mtoto. Damu yake ilikuwa kidogo, minyoo ilikuwamo, na bega lilikuwa limechoka. Alipewa dawa, akapumzika majuma sita. Leo anacheza mara tatu kwa juma. Mara anashinda, mara anashindwa. Lakini analala usiku.

Sasa tuulizane, kila mama ajibu:
Mtoto wa miaka 9 asipite saa ngapi za mazoezi kwa juma?
Akisema bega linamuuma, tutafanya nini?
Leo mangaribi utatia nini karibu na bukari?

Mwende na amani. Na akirudi uwanjani, msianze kwa kuuliza «Umeshinda?» Mumuulize «Umekunywa maji? Unaumwa mahali?»