Mganga Hajigangi: Tumkumbuke Muuguzi Wetu



Leo hatuzungumzi juu ya mbuzi wa maziwa wala matangi ya maji. Tunazungumza juu ya yule anayetudunga sindano, yaani muuguzi.

Mnakumbuka Machi 2020, korona ilipoingia Kenya. Kafyu iliwekwa, makanisa yakafungwa, mazishi yakawa ya watu wachache. Sisi tuliambiwa tukae nyumbani. Muuguzi aliambiwa aende kazini. Mahali pengi barakoa na glavu hazikutosha. Jamaa walipozuiwa kuingia wodini, mara nyingi ni yeye aliyemshika mgonjwa mkono hadi mwisho. Akitoka hapo, alirudi kwake akiogopa kuwapelekea watoto ugonjwa.

Na sisi je? Tuseme ukweli, maana kuungama huanza hapo. Katika kikundi chetu mlikuwa na mama muuguzi. Tulimwambia atume mchango wake kwa simu, asije mkutanoni. Akipita njiani, tulivuka upande wa pili. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, lakini yeye hakurudi kikundini. Tukasema anaringa. Tulipomtembelea hatimaye, tulikuta hapati usingizi, na akisikia mtu akikohoa moyo unamwenda mbio. Alitueleza kwamba kilichomuumiza zaidi si wagonjwa. Ni sisi majirani.

Ndugu zetu, hali hii si uvivu, si kurogwa, wala si upungufu wa imani. Kushtuka-shtuka na kukosa usingizi huweza kuwa alama ya mambo mazito yaliyobaki moyoni. Tena kuna uchovu wa kazi wenyewe. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza kwa mambo matatu: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi, na mtu kuona kazi yake haifai kitu. Basi sista akitufokea kule zahanati, hatusemi ni sawa, lakini kabla ya kumlaani tujiulize amebeba nini.

Kikundi kifanye nini?

1. Tumtembelee bila kuomba dawa. Tumuulize, "Wewe mwenyewe waendeleaje?" Halafu tunyamaze, tusikilize.

2. Siku za zamu ndefu tumchotee maji, tumwangalizie watoto.

3. Akikosa usingizi kwa majuma, akizidisha pombe, au akisema heri kufa, tusimwache peke yake. Tumsindikize hospitali siku hiyo hiyo. Sala na matibabu huenda pamoja.

4. Wenzetu walio katika kamati ya zahanati wadai wauguzi wa kutosha, siku za mapumziko na vifaa vya kujikinga. Chai yetu haiwezi kuziba pengo la muuguzi mmoja anayefanya kazi ya watatu.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Mama yule bado hajarudi mkutanoni. Lakini mwezi uliopita tulipobisha, alitufungulia mlango, akatuwekea viti, na tukakaa mpaka jioni.

Maswali ya kujadili kikundini:

Wakati wa korona tuliwatendeaje wauguzi wa hapa kwetu? Ni nani tunayepaswa kumwomba msamaha? Tutaanza lini?