Kujishusha si kujidharau

Miaka kadhaa iliyopita, katika kipindi hiki hiki, nilikusimulia habari za kijana mmoja, fundi mitambo wa studio, niliyemfahamu Tokyo mwaka 2009 nilipokwenda huko kwa mafunzo mafupi ya utangazaji. Nilikuambia kwamba kila tulipomsifu kwa kazi yake aliinamisha kichwa na kujibu, "Mada mada desu," yaani, "Mimi bado, bado sana." Nikamtoa kuwa mfano. Nikasema, laiti vijana wetu wangekuwa na unyenyekevu kama ule!

Leo narudi kuyasahihisha maneno yangu. Baadaye nilipata habari kwamba kijana yule alifanya kosa moja dogo hewani, akaacha kazi, akajifungia chumbani nyumbani kwa wazazi wake. Kwa muda wa miaka miwili mama yake alikuwa akimwekea sinia la chakula nje ya mlango. Kumbe mimi nilisifu kidonda nikidhani ni pambo.

Sasa, tusiwasingizie Wajapani. Kwao kujishusha ni adabu, na mtoto hulelewa nayo. Wana msemo kwamba shuke la mpunga kadiri linavyokomaa ndivyo linavyoinama, jambo ambalo mkulima wa Kyela au wa Mwea atalielewa bila mkalimani. Wanayo pia desturi iitwayo hansei, yaani kuketi na kujichunguza makosa, hata baada ya kazi iliyofanikiwa. Tena wataalamu wa saikolojia Kitayama na Karasawa walionyesha mwaka 1997 kwamba Wajapani, kama watu wa mataifa mengine, huzipenda zaidi herufi zilizomo katika majina yao wenyewe. Maana yake ni kwamba mdomo unaposema "mimi si kitu", mara nyingi moyo haujakubali.

Lakini pamoja na hayo, lipo jambo la kutisha. Mwaka 2013 serikali ya Japani iliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 29, katika nchi 7, kama wanaridhika na nafsi zao. Huko Marekani asilimia 86 waliridhika. Korea ya Kusini, jirani ambaye naye anajua sana kuinama mbele ya wakubwa, asilimia 71.5. Japani ilikuwa asilimia 45.8 tu, ya mwisho kati ya zote. Uchunguzi uliporudiwa mwaka 2018, ikawa asilimia 45.1. Adabu peke yake haiwezi kuieleza tofauti kubwa namna hiyo. Uchunguzi mwingine wa serikali, wa mwaka 2022, ulikadiria kwamba watu wapatao 1,460,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 64 wanaishi kwa kujitenga na jamii, hali ambayo wao huiita hikikomori. Sababu ni nyingi, yakiwamo magonjwa na kukosa kazi, wala sisemi kila mmoja wao anajidharau. Ila rafiki yangu alikuwa mmoja wa watu wa namna hiyo, na yeye kilichomfunga ni aibu.

Hebu tujiulize, basi: unyenyekevu na kujidharau vinatofautianaje? Kwa sura vinafanana, lakini havikuzaliwa nyumba moja. Mnyenyekevu anajua kwamba alichonacho amepewa, kwa hiyo haoni sababu ya kujikweza. Anayejidharau anaamini kwamba thamani yake ni mshahara wa kazi yake, na mhasibu ni macho ya watu. Wajapani wana neno seken, yaani walimwengu, wale wanaotutazama na kutusema. Mtu akiiweka roho yake mikononi mwa seken, siku atakapokosea hesabu yake imefungwa.

Wapo watakaosema dawa ni kumwambia kijana wa namna hiyo, "Jipende! Jiamini!" Mimi nadhani dawa hiyo haifiki ndani. Tena Wajapani wenyewe wanayo iliyo bora, katika dini yao ya zamani.

Mtawa wa Kibudha aitwaye Shinran, aliyezaliwa mwaka 1173, alifukuzwa mji mkuu mwaka 1207 pamoja na mwalimu wake kwa sababu ya mafundisho yao. Huko uhamishoni akajiita Gutoku, jina lenye maana iliyo karibu na "mpumbavu mwenye upara". Ukilisikia jina hilo utadhani huyu naye alikata tamaa. La hasha! Shinran alifundisha kwamba huruma ya Buddha Amida humkumbatia kwanza yule asiyeweza kujiokoa kwa nguvu zake. Alijiita mpumbavu kwa sababu aliamini kwamba mpumbavu huyo amepokewa tayari.

Karne nyingi baadaye, muumini mmoja wa madhehebu hayo, Yoshimoto Ishin, aliyefariki mwaka 1988, alianzisha zoezi liitwalo Naikan, maana yake kutazama ndani. Mtu huketi pembeni mwa chumba, nyuma ya kiambaza chepesi, kutwa nzima kwa muda wa wiki moja. Humfikiria kwanza mama yake, kisha wengine, na kujiuliza maswali matatu: Nimepokea nini kutoka kwake? Nimempa nini? Nimemsumbua vipi? Swali la nne, la yeye alivyonisumbua, halimo. Zoezi hilo lilitumika hata magerezani.

Utasema, je, maswali hayo hayamwongezei mtu aibu? Nami nilidhani hivyo. Lakini angalia yanakompeleka. Anayehesabu kwa uaminifu huona kwamba alilishwa, alioshwa na kukeshewa siku zile zile alipokuwa msumbufu, kabla hajafanya kazi hata moja ya kusifiwa. Basi thamani yake haikutokana na kazi. Mama hakumngoja afaulu.

Sisi tumwaminio Mwenyezi Mungu, tuwe wa kanisani au wa msikitini, tunafundishwa kwamba Muumba ndiye aliyempa mwanadamu heshima. Wabudha hawasemi hivyo, nami sitaki kuchanganya dini za watu. Ila katika hili twaweza kukaa mkeka mmoja: thamani ya mtu hupokewa, haichumwi, na kisichochumwa hakiwezi kupotezwa kwa kosa la siku moja.

Nilipopata habari za rafiki yangu niliandika barua tatu za kumtia moyo, nikazichana zote. Mwisho nikajiuliza mimi maswali yale matatu juu yake. Nikamwandikia kwamba mwaka 2009 alinipeleka mpaka stesheni usiku wa mvua, akaniachia mwavuli wake, akarudi amelowa. Kwamba alibaki nami hadi usiku wa manane nikihariri kipindi, na mimi sikumletea hata kikombe cha chai. Na kwamba nilimsifu redioni bila kumuuliza hali yake, jambo ambalo naomba radhi.

Ilipita miezi minne. Ikaja kadi yenye mistari miwili. Alisema mwavuli ule haukuwa wake, ulikuwa wa mama yake, na kwamba siku aliyoipata barua yangu alilirudisha sinia jikoni kwa mikono yake mwenyewe.

Ndugu msikilizaji, huenda nyumbani mwako yumo anayesema "mimi bado" na wewe ukamwita mpole. Usimsifu tu. Mwambie ulichopokea kwake.